Betri ya Pumzi ya Mzee

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda cha baba mkwe. Stima imepotea, mashine ya oksijeni inalia, na betri niliyoinunua baada ya kuuza mtamba wangu imekufa hata kabla maji ya chai hayajachemka. Wengi wenu mmeuliza kama mzee alikufa.

Hakufa. Si siku hiyo.

Wewe uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Naitwa Esnah, Mkisii niliyeolewa kwa Wakipsigis, si mbali na Kapkatet. Mume wangu Weldon alikuwa mvunaji wa majani chai kwenye shamba kubwa hadi mashine za kuvuna zilipomfuta kazi. Sasa anajenga nyumba za watu kule Ndanai, na nyumbani anakuja akikumbuka. Habari za mtoto wetu niliwaeleza katika sehemu ya pili. Sitazirudia.

Tangu wakati huo mimi ni mtu wa ganzi. Mkinicheka ni sawa, mkinililia ni sawa. Lakini nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja ambaye sikutaka kumpoteza, naye ni baba mkwe, Mzee Kimeli. Siku niliyoletwa hapa, watu wakinong'ona, yeye ndiye aliyesema, "Huyu ni msichana wangu. Asiulizwe ametoka wapi." Miaka mingi alikuwa wa kutia kuni kwenye tanuri la kiwanda cha chai, na moshi ukamaliza mapafu yake. Bila ile mashine hana pumzi. Na stima ikipotea, bila betri ile mashine ni sanduku tu.

Basi turudi kitandani.

"Mama, shika miguu!" nilimwambia mama mkwe.

"Tunampeleka wapi?"

"Kwa Kipkurui. Ana jenereta."

Kipkurui ana duka la maziwa pale barabarani, na jenereta yake ni ya kupoza tangi la maziwa. Tulimlaza mzee kwenye wilibaro, juu ya magunia ya majani chai. Mashine nilijifunga mgongoni kwa leso. Nilikuwa sijafunga kitu mgongoni tangu sehemu ya pili.

Tulisukuma. Midomo ya mzee ilikuwa imebadilika rangi. Mama mkwe aliomba kwa Kikipsigis njia nzima, na mimi nilihesabu mashimo ya barabara ili nisihesabu kitu kingine.

Kipkurui alituona, hakuuliza swali. Alichomoa waya wa tangi lake, akachomeka wa mashine yetu.

"Maziwa yataharibika," mteja mmoja alisema.

"Yaharibike," Kipkurui akajibu.

Mzee akapata pumzi. Akakalishwa kwenye kiti katikati ya mitungi, mpira puani, na watu waliokuja na maziwa ya jioni wakawa wanampita wakitazama chini. Mzee mzima, mwenye ng'ombe zake, amepangwa na mitungi. Niliona aibu kwa niaba yake.

Yeye alinivuta mkono.

"Esnah," alininong'oneza, "mwambie Kipkurui asije akanipima kama nimeongezwa maji."

Kipkurui alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilijua kwamba lile ni jambo la kuchekesha, lakini kicheko hakikuja.

Stima ikarudi, tukamrudisha mzee kwake. Asubuhi niliibeba betri yangu nikaenda nayo Kapkatet, kwa aliyeniuzia.

Aliyeniuzia ni Bosire. Anauza betri, taa na nyaya, na ni mtu wa kwetu. Mama mkwe hakumpenda tangu siku ya kununua. Siku hiyo tulikwenda pamoja, na yeye alitaka tuchukue betri ya gari.

"Hii inasukuma lori mzima ya chai," alisema, "itashindwa na mzee moja?"

Bosire alimjibu kwa heshima. "Mama, ya gari imezoea kutoa nguvu nyingi mara moja, injini iamke, basi. Ukiinyonya polepole kila siku inachoka haraka. Tena inatoa hewa mbaya, na nyinyi mtaiweka kwa chumba ya mgonjwa. Chukua hii imefungwa. Haimwagiki, haiongezwi maji, haifunguliwi."

Mama mkwe akatoka nje kungoja. Bosire akabaki akinieleza mimi peke yangu: chaja iwe ya betri ya aina hiyo, si ile ya karakana. Isinyonywe mpaka mwisho. Ikitumika, ichajiwe siku hiyohiyo, na isiachwe wiki nyingi bila chaji. Na ikae mahali pa baridi penye hewa.

Nilishika yote. Nilipofika nyumbani, mama mkwe alipouliza yule mtu alisema nini, nilimfupishia. "Amesema tuitunze, mama. Hii ndiyo pumzi ya baba."

Hayo ndiyo maneno niliyompa. Yashikeni, mtayahitaji.

"Bwakire, Bosire," nilisema asubuhi hiyo, nikaiweka betri juu ya meza yake.

"Buya mono, dada. Mzee anaendelea aje?"

"Mzee jana alishinda na mitungi ya maziwa. Betri yako ilikufa kabla sijamaliza kuiombea."

Watu husema wakifika hapo huwa na hasira. Mimi sikuwa nayo. Nilisema vile mtu anavyosema kwamba kumenyesha.

Bosire alichomeka kipimo chake. Akatikisa kichwa, akachomeka tena.

"Haiwezekani. Hii ilitengenezwa juzi tu, tarehe si hii hapa? Ulifungua?"

"Hapana."

"Uliongeza maji?"

"Uliniambia haiongezwi."

"Chaja?"

"Ni ileile uliyonipa."

Alipitisha kiganja ubavuni mwa betri. "Imefura. Guza hapa. Betri ya aina hii ikifura ni joto imepata. Hii imepikwa, dada." Kisha akainama, akainusa. Uso wake ukabadilika. "Inanuka moshi."

Niliinama nami nikanusa.

Haukuwa moshi wa kuni peke yake. Ilikuwa ile harufu ya mkaa wa mti wa senetwet, ambao mama wa Kipsigis husugulia ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa ya kugandisha, mursik. Kila asubuhi naifungua ile harufu nikimimina maziwa. Naijua kama ninavyoijua harufu ya nguo zangu.

"Ilikaa wapi?" Bosire aliuliza.

"Sijui," nilisema. Na kweli sikujua. Nilikuwa nimeanza kujua tu.

"Kama ilikaa juu ya moto, wenye kampuni hawatanibadilishia. Na mimi siwezi kuwadanganya."

"Sijakuambia udanganye."

Alinitazama. Nadhani aliona macho yangu hayana mtu ndani. Alikwenda nyuma ya duka, akarudi na betri nyingine ya aina ileile.

"Hii ni ya taa zangu za duka. Enda nayo. Mimi nitafunga mapema."

"Na ukiibiwa?"

"Nikiibiwa nitakuja kulala kwa Kipkurui." Akatabasamu. "Weka pahali baridi, Esnah. Tafadhali."

Nilimkuta mama mkwe ameketi mlangoni mwa jikoni, anachambua mboga ya sagaa. Niliitua betri chini. Nikakaa. Nikachukua sagaa nikaanza kumsaidia, kwa sababu swali kama lile humwulizi mtu mzima umesimama.

"Mama, zile wiki nilikuwa kwetu kumzika shangazi, betri ilikuwa wapi?"

Alifurahi. Wasomaji wangu, naomba mnielewe hapo. Alifurahi kama mtu aliyengoja siku nyingi aulizwe.

"Niliitunza! Si uliniambia nitunze? Hapo chini kuna unyevu, kuna panya, na vijana wa siku hizi wanaiba betri. Nikaipandisha tabut mimi mwenyewe."

Tabut ni ile dari ya jikoni juu ya mafiga. Kila kitu cha thamani katika boma hili hukaa kule: mbegu za mahindi, vibuyu, hata cheti cha ubatizo cha Weldon. Moshi hufukuza wadudu na joto hufukuza unyevu. Kitu kikiwekwa tabut, kimependwa.

"Na kuchaji, mama?"

"Kuchaji ya nini? Stima haikupotea wakati ulikuwa huko kwenu. Nikasema wacha ipumzike. Ng'ombe akikaribia kuzaa si unamuachisha kukamua? Akizaa, maziwa inakuja mingi. Nikasema hata hii ikipumzika itakuja na nguvu. Siku unarudi nikaishusha, nikapanguza, nikarudisha."

Alitupa mabua ya sagaa kwa kuku.

"Kumbe nilikuwa natunzia mwizi. Huyo Bosire wako alituuzia taka. Mungu anisamehe, lakini jana nilimlaani. Afadhali iwe ni yeye. Kama ningekuwa mimi nimeharibu pumzi ya baba Weldon kwa mkono yangu, ningeweka uso wapi?"

Nilimaliza sagaa.

Nilipompelekea mzee chai, alikuwa macho. Ukuta kati ya chumba chake na jikoni ni wa mbao, na mbao zenyewe zimeachana.

"Umesikia? Ni joto ya tabut imeiua," alisema.

"Nimesikia, baba."

"Basi iishie hapo."

"Lakini baba, asipojua..."

"Esnah." Alivuta pumzi, akaingoja ikae. "Huyo mama alinizalia, akazika, akanizalia tena. Moyo yake naijua. Akisikia ni yeye, atatangulia kabla yangu. Niahidi."

Mkwe hambishii baba mkwe. Na mimi nilikuwa nimechoka. Kuahidi kulikuwa rahisi kuliko kusimama pale.

"Nimeahidi, baba."

Niliiweka betri ya Bosire chini ya dirisha, mahali penye hewa, mbali na ukuta wa jikoni. Niliiunga na inveta, kile kisanduku kinachogeuza nguvu ya betri iwe stima. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Taa ikawaka kijani.

"Hii itakaa hapa tu, mama," nilisema.

"Sawa."

"Isiguswe."

"Nimesema sawa."

Hakuuliza kwa nini. Mimi nami sikusema kwa nini. Sote wawili tulikuwa na adabu sana.

Siku iliyofuata nilikwenda kuchuma chai. Mchana, nikiwa kwenye foleni ya kituo cha majani chai, wingu likaja kutoka upande wa msitu, jeusi tii. Hapa kwetu mvua ya mchana si habari. Lakini hii ilikuja na mawe. Ilipiga bati la kituo hata karani akawa anapiga kelele na hasikiki. Ikapita kama ilivyokuja, ardhi ikabaki nyeupe.

Nilikuwa nimetazama juu, kwenye balbu ya karani. Ikazimika.

Mwanzoni sikushtuka. Nilijiambia, betri ipo, ni nzima, imejaa. Nikasonga mbele hatua moja kwenye foleni. Kisha nikakumbuka kwamba dirisha la mzee halifungi vizuri.

Gunia langu nililiacha palepale. Nilikimbia juu ya mawe ya mvua na sandali zikanivuka, nikaziacha nazo.

Mashine niliisikia kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa inalia.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mikono imekaza magotini, mdomo wazi, anatafuta hewa chumba kizima. Chini ya dirisha kulikuwa na maji na mawe ya mvua yanayoyeyuka. Inveta ilikuwa imewekwa juu ya kiti, pakavu. Betri haikuwapo.

"Mama!"

"Niko huku!"

Alikuwa jikoni, ameshikilia ngazi ya kupandia darini, miguu inamtetemeka. Moto mkubwa ulikuwa unawaka kwenye mafiga, kwa sababu ya baridi ya ile mvua.

"Haijapata maji hata kidogo," alisema. "Mvua iliingia kwa dirisha, nikaiokoa. Nikaiweka pahali yake. Stima ikapotea, nikataka kuishusha, miguu ikakataa. Esnah, miguu imekataa!"

Nilipanda. Moshi ukaniingia machoni. Betri ilikuwa katikati ya vibuyu, imefunikwa vizuri kwa kitambaa chake cha kanisani. Niliigusa. Ilikuwa na joto la mtoto mwenye homa.

Kwa mara ya kwanza tangu sehemu ya pili, nilisikia kitu. Jina lake ni woga. Nilishuka nimeikumbatia ile betri, nikiipuliza kama uji wa moto.

Nilizishika nyaya. Nyekundu kwa nyekundu. Waya uliniponyoka, nikaushika tena. Nyeusi kwa nyeusi.

Mashine ikakohoa, ikanguruma. Mpira ukaanza kuvuma puani mwa mzee. Akavuta pumzi, akavuta nyingine. Rangi ikamrudia kidogokidogo. Taa ya inveta ilikuwa kijani.

Ingebaki kijani kwa muda gani, sikujua. Ilikuwa imekaa motoni muda mfupi tu, labda haikuumia. Stima nayo haikuwa imerudi, na mbali kwenye vilima radi bado ilikuwa ikinung'unika.

Niliketi sakafuni penye maji. Bila kufikiri, nilikuwa nimeweka viganja vyote viwili kwenye ubavu wa betri, nikiupapasa, nikitafuta kama umefura.

Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa mlangoni, na macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu.

Alikuja polepole. Akainama. Akaweka kiganja chake kando ya changu.

"Iko moto," alisema.

Niliondoa viganja vyangu.

Aliinua kile kiganja, akakinusa. Akatazama upande wa jikoni. Akatazama tena betri. Mama huyu hakusoma, lakini hajawahi kuwa mjinga, na nilimwona akirudi nyuma siku kwa siku, mpaka zile wiki nilizokuwa kwetu.

"Esnah." Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Ile ya kwanza. Haikuwa Bosire?"

Nikamgeukia mzee.

Alikuwa ananitazama. Alitikisa kichwa, mara moja tu. Mimi nilifumba macho, kwa sababu nilijua nisiposema, mvua nyingine ikija ataipandisha tena, kwa mapenzi yaleyale.

"Niambie, mama," mama mkwe akaniambia. Hajawahi kuniita hivyo. "Ni moto yangu?"

Nikafumbua macho. Mzee alikuwa ameinua mkono. Aliushika mpira, akautoa puani bila haraka, akaufumbata kwenye ngumi. Mashine ikaendelea kunguruma, hewa ikipotea kati ya vidole vyake.

"Baba Weldon, rudisha hiyo!" mama mkwe alipiga kelele.

Hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, midomo imeanza kubadilika rangi tena, na nilielewa kwamba hataurudisha mpaka asikie nitakavyojibu.

Nikafungua mdomo.